Gari la Bibi Harusi

Historia itaukumbuka mjadala huu mkuu wa uhandisi, uliofanyika ndani ya basi kwa kuwa magari ya wabishani wote wawili yaligoma kuwaka asubuhi.

"Mkwe, binti yangu Jumamosi anapanda Pijo langu," alisema baba wa bibi harusi. "Linafika kilomita mia na sitini kwa saa!"

"Kwani tunamwoa au tunamwiba?" alijibu baba wa bwana harusi. "Foksi yangu ya mgongo wa kobe haina hata rejeta ya maji. Haichemshi."

"Gari gani injini inakaa kwenye buti?"

Mwandishi wenu, aliyeketi nyuma yao akiwa amevaa visikio vya muziki visivyounganishwa popote, akaangua kicheko.

"Kumbe unatusikiliza! Haya kijana, amua. Lipi bora?"

Basi likasimama kwenye kituo cha kijana.

"Wazee wangu," alikiri akishuka, "mtaani nimeyasukuma yote mawili. Foksi ni nyepesi."