Ulaya ya Sebuleni

Mbele ya duka la Yasser, kule Hopkins ya ughaibuni, kwenye zile ghorofa za zamani za matofali, kuna benchi ambalo hutolewa nje theluji ikishayeyuka, na halirudi ndani mpaka masikio ya watu yaanze kuuma kwa baridi. Jumamosi asubuhi benchi hilo lina wenyewe. Yasser, mwenye duka, mtu wa Mombasa, wanamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kumzimia. Laurean wa Bukoba ni Profesa. Siku hizi yuko ofisi ya bima na tai shingoni, lakini alikaa chuoni muda mrefu mpaka walimu wakamdhania mwenzao. Thaddée wa Bukavu ni Balozi, kwani hakuna mji duniani usio na ndugu yake, na kila Jumamosi huendesha gari kutoka Anoka kuja kunywa kahawa ambayo angeweza kujipikia kwake. Na Shee, mzaliwa wa Lamu, ni Kapteni kwa ajili ya lile gari lake kubwa la kupelekea wagonjwa hospitali. Jumamosi hiyo Shee alikuwa amerudi kutoka Ulaya juzi tu. Alipotoa salamu, Thaddée aliitikia huku akitazama barabarani.

Shee alijua sababu. Binti yake mkubwa, Swafiya, alikuwa amemaliza muhula wa masomo kule Granada, Uhispania, na aliwaomba wazazi wake, Shee na Fatimah, waende wakatembee naye Ulaya kabla hajarudi nyumbani. Habari ilipofika kijiweni, swali la kwanza lilikuwa moja kwa wote: mtafikia kwa nani? Basi kahawa ikanywewa, simu zikapigwa, na kila mji ukapata mwenyeji wake. Safari ilikuwa iishie Brussels kwa Mutesi, dada yake Thaddée. Mutesi aliomba ruhusa kazini, akapika, akaalika na majirani. Wageni hawakutokea. Shee alipiga simu mchana kuomba radhi, chungu kikiwa tayari jikoni.

Shee alikaa pembeni kabisa mwa benchi, nusu mapaja hewani, akamiminiwa kahawa.

— Kapteni, alianza Yasser, kwanza twamshukuru Mungu umerudi mzima. Pili, hebu tuambie. Mlipotelea wapi?

— Nitawaambia.

— Kabla hujasema, mimi najua. Waliibiwa pasipoti Paris, hawa. Paris kuna watoto wadogo wana vidole laini, waweza kuibiwa soksi na viatu umevaa.

— Hapana, Redio, alisema Laurean. Ni mgomo wa reli. Wafanyakazi wa treni kule wakiamka vibaya tu, wanagoma. Nimesoma.

— Mgomo gani, Profesa? Angesema mgomo! Mtu hafichi mgomo. Akificha kitu mtu, ujue ni halwa.

— Halwa imefanya nini tena?

— Si alibeba halwa za kuwapa wenyeji? Begi zima! Mpakani mbwa wa polisi wakanusa hiliki, wakalia. Askari wakadhani ni baruti. Wakakata, wakaonja. Wakaonja tena. Kufika magharibi halwa imekwisha, na Kapteni yuko ndani kwa kukosa ushahidi.

Laurean alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Thaddée hakucheka. Shee alimtazama kwa jicho la pembeni akaona shingo ile ile ngumu. Ndiyo shingo iliyomjia usiku wa dhoruba ya theluji, gari lake lilipotumbukia mtaroni karibu na Maplewood, na bibi mgonjwa akiwa ndani amevikwa blanketi. Shee aliwapigia wengi. Aliyekuja na mnyororo wa kuvutia gari ni Thaddée, kutoka Anoka, mwisho kabisa wa kaskazini, na wala hakuuliza swali. Mtu kama huyo akikunyima uso wake, dunia inakuwa nyembamba. Shee aliogopa, na hakuona haya kujiambia kwamba anaogopa.

— Au, Yasser aliinamisha sauti kama anayetoa siri ya serikali, au Swafiya kaposwa.

— Redio!

— Sikilizeni. Granada kuna Waislamu wa zamani, wana farasi. Kijana mmoja mwenye farasi kamwona mtoto wa watu maktabani. Ndoa ikafungwa kimya kimya. Sasa Kapteni atawezaje kwenda Brussels na mkwe, farasi wake yuko nje?

— Kwenye treni farasi hawaruhusiwi, alisema Laurean kwa uso wa mtu anayefikiri kweli. Ila kuna mikoa, nadhani, ambayo wanaruhusu.

Hapo Thaddée alikiweka kikombe chake kwenye ubao, taratibu.

— Mais vraiment, kweli munacheka. Dada yangu alichukua congé kwa kazi yake. Alitafuta sombe, ile majani ya muhogo, akatwanga na mikono yake, alikataa ya kwenye mfuko. Alitafuta samaki ya kukausha. Akaambia majirani wote: watu ya ndugu yangu wanakuja. Akavaa kitenge mupya. Halafu akakaa na kitenge yake mupya kwa kiti. Mimi nitamuambia nini? Kama Kapteni aliona Paris akatuzarau, aseme tu.

Laurean alikiinamia kikombe chake. Hata Yasser alijipangusa mdomo kama aliyetaka kuvirudisha vile vicheko.

— Balozi, alisema Shee, nisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu. Mimi nilianza safari ile kwa adabu zote. Madrid tulifikia kwa binamu ya mke wake Redio. Mungu awazidishie, tulilishwa mpaka nikaomba mto. Kisha wakatuwekea video ya harusi.

— Ile ya Mahdi? Yasser alichangamka.

— Hiyo hiyo.

— Lakini ni nzuri.

— Ni nzuri, sheikh. Lakini ile harusi mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia bwana harusi mwavuli. Nimekwenda Uhispania kujitazama nikishika mwavuli! Tukatoka hapo tukaenda Lyon, kwa rafiki yake Profesa, yule Vedasto.

— Mtu makini sana, alisema Laurean.

— Makini mno. Alinieleza mitaala ya shule za Tanzania tangu alipokuwa darasa la kwanza. Giza likaingia bado hatujafika sekondari. Paris napo tukakaribishwa vizuri, na ule mnara wao tuliuona, nisiseme uongo. Tuliuona kwenye dirisha la jikoni, kwa zamu. Ndugu zangu, Ulaya niliyoiona mimi ni ya sebuleni. Naweza kuwaeleza masofa yao, mapazia yao, na watoto wao wanaosoma nini.

— Na Swafiya? aliuliza Laurean.

— Swafiya kila tukifika mji, anaingia jikoni kuosha vyombo. Ndiyo malezi yetu, mtoto wa kike hakai kitako na vyombo viko pale. Akitoka jikoni anaulizwa wasoma nini, utaolewa lini, halafu anamimina chai. Mimi nimekaa kwenye kochi nimefurahi, nasema, tumepokewa. Nikimtupia jicho namwona mgongo tu.

Shee alikunywa kahawa kidogo. Haikuwa kiu.

— Tukapanda treni ya kuja kwa dada yako, Balozi, ile ya pole pole inayosimama kila kituo. Fatimah amelalia begi la halwa. Mimi nampangia Swafiya: tukifika usisahau kumwamkia Bi Mutesi, kuna majirani nao wataulizia masomo yako. Akasema, sawa Baba. Akageukia dirishani. Mara naona anajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Namuuliza, una nini? Akaniambia, hivi anavyosema yeye, nusu huku nusu kule: Baba, hawa watu wote nawapenda, wallahi. Lakini kesho kutwa safari inakwisha, and I haven't told you anything. Eti bado hajatuambia lolote.

— Eh, alisema Yasser.

— Treni ikasimama. Kituo chenyewe kidogo, maua kwenye ndoo, sijui hata ni wapi. Mimi nikainuka, nikashusha mabegi. Fatimah akaamka akadhani tumefika kwa Mutesi, akaanza kutengeneza buibui. Nikamwambia, twashuka hapa. Akaniuliza, hapa tunafikia kwa nani? Nikamwambia, hatufikii kwa mtu.

— Na akakubali? Laurean hakuamini.

— Alinitazama kama amenikuta nakula mchana wa Ramadhani. Lakini akashuka. Tukapata nyumba ya wageni ya bi kizee mmoja asiyetujua wala asiyetaka kutujua. Akatupa funguo, akaenda zake. Jamani, siku mbili hakuna mtu aliyeniuliza habari za Lamu! Tukanunua mikate, jibini na nyanya, tukakaa ukingoni mwa mfereji wa maji. Kukawa na manyunyu. Fatimah akavua viatu akatia miguu majini. Fatimah huyu huyu, mnayemjua nyinyi. Akamrushia mtoto maji, wakakimbizana pale kama wasichana wa rika moja. Kisha Swafiya akaanza kusema.

Shee aligeuka sasa, akamkabili Thaddée. Wengine aliwaacha nyuma ya bega lake.

— Balozi, mwanangu mwezi wa kwanza Granada alikuwa halali. Aliugua homa peke yake kule chumbani. Alikuwa akiishika simu kunipigia, akikata kabla haijaita. Namuuliza, kwa nini? Asema, nilihesabu, nikajua huko ni alfajiri na uko njiani na mgonjwa, nikaogopa utashtuka ukiwa kwenye usukani. Na mimi miezi ile ile niko hapa, kwenye benchi hili, najisifu mbele yenu: Swafiya wangu hanisumbui. Hamkunisikia?

— Tulikusikia, alisema Laurean polepole.

— Basi siku mbili zile alinisumbua. Alinieleza yote. Alivyojifunza kupika uji wa wagonjwa akielekezwa na bibi yake kwa simu. Alivyopotea mjini akalia kituoni, kisha akajicheka. Masomo anayoyapenda kweli, ambayo siyo yale ninayowatajia watu. Alisema mpaka sauti ikamkauka, na mimi nilikuwa nimekaa tu, sina usukani, sina abiria, sina mwenyeji wa kumridhisha. Tangu alipokuwa mdogo sijapata kupewa kitu kama kile. Namshukuru Mungu nilishuka ile treni. Namshukuru na yule mtoto aliyeniambia, maana angeweza kunyamaza kama alivyozoea. Nimekuudhi, ndugu yangu, na hilo linaniuma. Lakini siwezi kukudanganya kwamba najuta kushuka.

Yasser alimwongezea Thaddée kahawa.

— Mimi si mutu wa kuombwa radhi, alisema Thaddée hatimaye. Mimi sikupika. Muambie yeye mwenyewe.

Akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka juu ya benchi baina yao, sauti ikiwa wazi. Shee aliona mikono yake mwenyewe imejikunja magotini kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Simu ikaita kwa muda, kisha ikaingia sauti nzito ya mwanamke, nyuma yake maji ya bomba yakimwagika.

— Thaddée? Kuna nini?

— Dada, niko na ule Kapteni. Anataka kukuambia kitu.

Maji yalifungwa.

— Ndugu Shee? Ni wewe?

— Ni mimi, dada Mutesi. Shikamoo. Dada, chakula chako… kile kitenge… Sina la kujitetea. Wewe ulitupikia na hata hutujui, na hakuna siku nitakayoisahau heshima ile. Nilishuka njiani kwa sababu ya mwanangu. Alitaka kuongea nasi, na siku zilikuwa zimekwisha. Nisamehe.

Laurean aliinama karibu na simu ili asikie.

— Ah, ndugu, alisema Mutesi. Chakula tulikula. Majirani walikula, wakabeba na ingine kwa sahani. Sombe haiozake kwa nyumba yangu. Ile siku nilikasirika, ndiyo, nilikasirika sana. Lakini mimi pia niko na batoto wanne huku, na kwa meza kila mutu iko na simu yake. Sasa mimi niko nauliza kitu moja tu. Huyo mutoto, alifurahi?

Shee alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo, neno dogo tu, lakini neno likakataa kutoka. Yasser, Redio mwenyewe, aliangalia viatu vyake. Laurean alivua miwani akaifuta kwa tai, ingawa ilikuwa safi.

— Allo? alisema Mutesi. Hamuko?

Thaddée aliiokota simu, akasogea pale pembeni mwa benchi mpaka bega lake likagusana na la Shee.

— Tuko, dada, alisema. Alifurahi. Alifurahi sana. Sikia, nikuelezee: treni yao ilisimama kwa kituo kimoja kidogo hivi, kuko maua kwa ndoo…