Trekta Kubwa la Farasi, na Dogo Analotuachia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wa kazi wa shamba letu la ng'ombe anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Sote tunamwita Farasi, hata wale wanaotuletea dizeli, na ndama nao wangemwita hivyo kama wangekuwa na mdomo wa kusema. Wageni hudhani ni jina la sifa. Si la sifa, na mwenyewe ametaka lielezwe lilikotoka.

Kazi ya kuandika nimepewa mimi, mkamuaji, kwa sababu wenzangu wanasema nina maneno. Nilipomfuata kumuuliza niandike nini, alikuwa anakaza waya wa ua kule mwisho wa shamba. Hakunitazama. Alisema tu, "Andika la trekta. Lote. Ukinipamba peke yake, mwanangu, Ijumaa mtasherehekea wenyewe." Basi nimeandika, lakini nitaanza na mazuri yake kwanza, atake asitake.

Alikuja hapa kijana, kuchunga. Shamba lilikuwa na ng'ombe wachache na banda moja la mabati, fupi, paa lake unaligusa ukinyoosha mkono. Akajifunza kukamua, akajifunza kuzalisha ng'ombe, akajua ng'ombe gani anapenda kuimbiwa na yupi ukimwimbia anakupiga teke. Wanamjua kwa kikohozi chake. Akikohoa langoni, waliolala wote wanasimama kama wanafunzi mwalimu akiingia.

Kuendesha trekta hakufundishwa na mtu. Zamani shamba lilikodi matrekta, naye alikuwa akidandia nyuma, anamuuliza dereva maswali, hii pedali ya nini, ule mkono wa nini, mpaka siku moja dereva akamwachia usukani ili apate kula kwa amani. Tangu hapo hakushuka.

Yupo pia yule mtamba aliyezalia mtaroni wakati wa mvua, siku ya harusi ya shemeji yake Farasi. Alivua shati jipya alilonunuliwa na mkewe akamfunikia ndama, akaenda harusini na koti juu ya fulana yenye matundu. Mke wake hajamaliza kumsema mpaka leo. Ndama yule amekuwa bibi wa nusu ya ng'ombe tunaowakamua, na kila tukiwataja mke wake anasema, "Wale watoto wa shati langu."

Sasa la trekta.

Mwenye shamba, ambaye sisi tunamwita Mama Shamba, alinunua kipande cha ardhi cha jirani. Kilikuwa pori tupu, vichaka, miiba na visiki vya miti iliyokatwa zamani. Akaona amechoka kukodi, akaamua kununua trekta la shamba. Alikuwa na uwezo wa kununua moja tu, jipya, na lingekaa miaka. Akamwambia Farasi, "Nenda ukachague wewe. Wewe ndiye utakayekaa juu yake." Mtu hapewi heshima kubwa kuliko hiyo. Amenieleza kwamba usiku ule hakulala, alikuwa anaendesha kitandani.

Huko kwa muuzaji yalikuwepo ya kila aina. Madogo, ya kati, na moja kubwa limesimama mbele kama bwana harusi, lenye nguvu za farasi themanini. Farasi aliuliza kuhusu madogo. Muuzaji akacheka kidogo, akasema, "Hayo ni ya wazee wa bustani, kaka. Wewe una pori la kuvunja." Akampandisha lile kubwa. Farasi anasema kiti kilikuwa juu sana, na wapita njia barabarani waliinua shingo kumtazama, na hapo ndipo akili ilipomtoka. Alifikiria visiki. Hakufikiria banda, wala lango, wala ng'ombe. "Nilichagua la kutazamwa," ndivyo alivyoniambia, na akaniambia niandike hivyo hivyo.

Liliingia shambani kwa vigelegele. Na kusema haki, pori lilikoma. Visiki viling'oka kama meno ya mtoto, vichaka vikalazwa, na kabla mvua hazijaanza kipande chote kilikuwa wazi. Farasi alitembea kifua mbele. Kila aliyekutana naye alihesabiwa wale farasi themanini.

Pori likaisha. Na shamba la ng'ombe, pori unalisafisha mara moja, lakini samadi ipo kila siku ya Mungu. Asubuhi moja alilileta trekta lizoe samadi bandani. Langoni likakwama, nguzo zikang'olewa. Mbele ya banda likasimama tena. Bomba la moshi lilikuwa juu kuliko paa, na kutoka tairi hadi tairi lilipita upana wa mlango. Farasi alizima injini, akashuka, akalitazama paa, akalitazama trekta, akalitazama paa tena. Wakamuaji wote walikuwa pale na mabeleshi yao. Mkubwa wao, tunayemwita Shangazi, akashindwa kujizuia: "Jamani, farasi themanini, na hata mmoja hakuuona mlango!" Walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Jina likaanzia hapo.

Kicheko kiliisha haraka, kazi ndiyo haikuisha. Samadi ikaendelea kutolewa kwa toroli, na marobota ya nyasi kwa mabega ya wanawake, huku trekta jipya limesimama nje linang'aa. Likipita malisho ya chini yenye unyevu linazama, na lilipopita udongo ulishindiliwa, nyasi zikakataa kuota. Likinguruma karibu na banda, ng'ombe wanabana maziwa. Kubomoa banda lijengwe upya, hakukuwa na uwezo. Kulirudisha trekta, muuzaji alisema mali iliyotumika hairudi.

Mama Shamba hakumwambia neno. Si siku ile, si mwaka ule, si baadaye. Na hilo ndilo lililomuumiza. Angekuwa amefokewa, anasema, angenuna wiki moja akapona. Lakini mama yule aliendelea kumsalimia vizuri, akamkabidhi hata ukuu wa kazi, naye kila akiamkiwa alikuwa anatazama chini. Akimwona anakuja upande huu wa zizi, yeye anakumbuka ana kazi upande ule. Dereva gani huyo, watu walikuwa wanajiuliza, anayelikimbia trekta lake mwenyewe? Maana lile trekta aliliendesha kwa kazi tu, akimaliza anashuka upesi kama aliyekaa kwenye kiti cha mtu.

Na kila alfajiri, kabla ya kazi yake yoyote, alishika toroli akatoa samadi pamoja na wakamuaji. Mkuu wa kazi mzima. Hakuna aliyemtuma. Nilipoanza kazi hapa nilikuwa na mimba ya huyu mtoto ninayembeba mgongoni sasa, na Farasi alikuwa ananipokonya toroli bila salamu. Mimi nikadhani ni huruma tu ya mzee. Siku nilipomshukuru aligeuka, macho yamemjaa maji. "Usinishukuru, mwanangu. Mzigo huu ni mimi niliyewatwisha." Nilichukua beleshi nikamfuata.

Mwaka huu Mama Shamba akapata uwezo wa kununua trekta la pili, dogo. Akamwita Farasi mbele yetu akamwambia achague kabla hajastaafu. Farasi alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi tena? Hapana, mama. Mtume mwingine yeyote." Akajificha kwenye ua wa mwisho, anakaza waya zilizokwisha kukazwa. Ikabidi Shangazi amfuate, na sisi nyuma yake. "Wee Farasi," akamwambia, "hiyo aibu umeiatamia miaka yote hii, imeangua nini? Unataka uende ukapumzike kwako, sisi utuache na toroli?" Kesho yake alikata mti wenye kimo cha mlango wa banda, na mwingine wenye upana wake, akatuambia tuvae viatu vya safari. Tuliochaguliwa kwenda naye ni Shangazi, na mimi, na mwanangu mgongoni.

Kwa muuzaji tukapelekwa moja kwa moja kwenye makubwa. Farasi hakugusa hata tairi. Akatugeukia sisi: kutwa mnabeba nini? Tukamwambia: samadi, marobota, maji ya ndama, nyasi za kukata. Shangazi akauliza, na vichaka vikiota tena? "Hiyo ni kazi ya siku chache," Farasi akasema, "tutakodi kubwa, lije lifanye, liondoke." Akapima kwa miti yake. Akachagua dogo, lenye beleshi la mbele la kuzolea, matairi mapana yasiyochimba malisho, na bomba la moshi linalolala pembeni badala ya kusimama. Muuzaji akasema, "Haya mzee, panda ujaribu." Naye akasema, "Mimi naondoka. Apande anayebaki." Akaninyooshea kidole.

Mimi! Nilimpa Shangazi mtoto, nikapanda. Farasi akainama mpaka chini, hakutazama injini, alitazama mguu wangu kama unafika kwenye klachi. Ukafika. Akasogeza kiti kidogo, ukafika vizuri. Sasa najifunza kuendesha, na mwanangu akinisikia ninakuja anapiga makofi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siku trekta dogo lilipoingia bandani, likazoa, likatokea upande wa pili na samadi yote, na ng'ombe wanacheua tu kana kwamba hakuna lililopita, sisi tukashangilia, na Farasi akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia usoni. Kazi iliyokuwa inatuvunja viuno asubuhi nzima ilikwisha chai haijapoa. "Sasa mmeona," akasema. "Mmeona nilichowanyima miaka yote." Akasema Ijumaa haji. Kadi zimeshagawiwa, viti vimeshaombwa, yeye haji. Atawezaje kukaa mbele kusifiwa?

Tulimbembeleza sote. Shangazi alimtania, mke wake alimgombeza, mimi nikalia. Wapi.

Ndipo Mama Shamba alipokuja kwa miguu yake mpaka pale kwenye ndoo. Safari hii Farasi hakuwa na pa kukimbilia. Mama akasimama mbele yake akasema, na sote tunasikia: "Ulinikosea. Nilikupa heshima ukaenda kununua kiti kirefu. Nilikasirika, Farasi. Nilikasirika mwaka mzima, nikikuona najiuma ulimi. Nikanyamaza, nikidhani ndiyo kukustahi." Halafu akashusha sauti. "Kumbe nilikuacha peke yako nalo. Hapo na mimi nimekukosea."

Farasi akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimtazama mama yule usoni. Akasema, "Ndiyo, mama. Nilikukosea," na akavuta pumzi ndefu kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Walikaa hapo wawili, yeye kwenye ndoo, mama kwenye robota, wakazungumza mpaka jua likazama. Sijui yote waliyosema, na hata ningejua nisingeandika.

Amesema atakuja Ijumaa. Ila ameomba asiketi kwenye kiti cha peke yake, aketi nasi wakamuaji, na tumemkubalia.

Baba yetu, asante kwa ndama wote uliowapokea kwa mikono yako, kwa kutufundisha kufunga lango nyuma yetu, kwa kuniamini mimi juu ya usukani. Asante pia kwa kutotaka tukuandike mzuri kuliko ulivyo. Imetufanya tukupende ulivyo. Uende nyumbani na afya, wajukuu wakuchoshe kwa michezo, na shamba lako dogo likupe maziwa ya kutosha. Na popote utakapokutana nasi, njiani au sokoni, utusalimie ukitutazama usoni, baba. Sisi tutakuwa tunakutazama.