Bi. Sumie na Ufukwe Usio na Ukuta

Tarehe 31 Machi 2025, Bi. Onodera Sumie anastaafu uenyekiti wa Chama cha Kutetea Ufukwe wa Kurosehama, alioushika kwa miaka kumi na mitatu. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani, na hadi leo ofisi yetu inanuka mwani kuliko karatasi.

Chama kilizaliwa mwaka mmoja baada ya tsunami ya 2011 iliyoikumba pwani yetu ya Japani. Serikali ilileta mchoro wa ukuta wa zege mrefu kuliko paa la hekalu letu. Ungetulinda, kweli, lakini ungefukia kinamasi na kuzuia maji ya mto yanayowalisha chaza wetu. Bi. Sumie, aliyempoteza kaka yake katika mawimbi yale yale, alisema hapana. Wengi walidhani amerukwa na akili.

Kwetu jambo la kijiji haliamuliwi mpaka kila nyumba ikubali. Baada ya vikao vya majira mawili ya baridi, alibaki mmoja tu anayeutaka ukuta: Mzee Konno Tokuji, ambaye mkewe alichukuliwa na mawimbi. Wanachama walichoka. "Tupige kura yaishe, Mama!" Bi. Sumie akamimina chai yake, ile nyepesi ambayo sote tumeivumilia, akajibu: "Kwa kura mtamshinda. Na kesho asubuhi nani atamwamkia?"

Msimu mzima alikwenda kumsaidia mzee kuchemsha mwani, bila kuutaja ukuta. Mwishowe mzee mwenyewe alisimama kikaoni. "Nyumba zote zihamie mlimani. Zijengwe ngazi. Na asiyeweza kuzipanda mbio asishuke ufukweni, hata awe nani. Hapo nitakubali." Bi. Sumie aliinama kwa shukrani mpaka paji la uso likagusa mkeka. Ukuta haukujengwa. Kinamasi kipo, na bata wa majira ya baridi hurudi kila mwaka.

Oktoba iliyopita tulifanya mazoezi ya kuyakimbia mawimbi. King'ora kilipolia, magoti ya Bi. Sumie yaligoma katikati ya ngazi. Mzee Tokuji, aliyekuwa amekwisha kumpita, akageuka na kushuka.

"Nenda juu, kaka!" Bi. Sumie akamfokea.

"Siendi."

"Nenda, mkaidi wewe!"

"Nilimwacha mmoja. Wa pili simwachi."

King'ora kikanyamaza, muda wa kukimbia umekwisha, nao wamekaa pale pale. Sisi tuliokuwa juu tulijua kwamba siku ya kweli tungewazika wote wawili. Tulilia bila kuoneana haya.

Kesho yake Bi. Sumie akatangaza kustaafu, kwa kuwa hawezi tena kuzipanda ngazi mbio. Tulimsihi atuongoze akiwa mlimani, na ashuke walau siku bahari imetulia. Akasema ufukwe hauongozwi kutoka mlimani, na kushuka akakataa. "Sharti lile la Mzee Tokuji ndilo ukuta wetu. Nikilitoboa mimi, nani atalilinda?"

Ahsante, Mama Sumie, kwa uvumilivu wako, kwa ukali wako, hata kwa chai yako. Tunakuombea afya njema, magoti yenye huruma na dirisha linalotazama bahari. Kaa salama huko juu. Sisi tutashuka kwa niaba yako, na king'ora kikilia, tutapanda.