Kidoti, Aliyekatazwa Kuitazama Timu Yake

Ndugu, jamaa na majirani, kwanza mtaambiwa lililomuuma marehemu, halafu ndipo mtaambiwa alizaliwa lini. Marehemu alikatazwa kuitazama timu ya taifa kwenye sebule yake mwenyewe, kwa televisheni iliyokaa juu ya kabati lake mwenyewe, miaka ishirini na minane. Aliyemkataza ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye wote tunamwita Mwenyekiti kwa kuwa aliwahi kuwa mwenyekiti wa washangiliaji, na cheo kilipokwisha jina likagoma kutoka. Yupo hapa. Amekaa mstari wa mbele, kiti chenye mto. Asikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuja na doa jeusi shavuni, chini ya jicho la kulia, wakamwita Kidoti, na lile jina la cheti likabaki kuwa la karani. Baba yao alishona viatu, ila timu za karakana zilimletea na mipira iliyopasuka. Kidoti akiwa na miaka sita ndiye aliyekuwa akiibana mipira kwa magoti, baba akipitisha uzi wenye nta. Ukimtuma dukani alirudi na habari za nani kafungwa ngapi, na chumvi kaisahau. Aliyechapwa kwa hiyo chumvi ni dada yake mkubwa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Dada yake aliishia la pili, maana lazima mtu abaki kupika, na hilo nalo halijasahaulika, ila leo si siku yake. Shuleni Kidoti alikuwa golikipa wa wasichana. Alifungwa sana. Alikuwa mfupi, na mpira ukimpita juu ya kichwa aliugeukia akaupungia mkono, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mwalimu wa michezo alimfokea wee, mpaka siku moja akajikuta na yeye anapunga.

Februari 1974 aliajiriwa hospitali ya wilaya, chumba cha kufulia. Alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2012. Alifua na kupiga pasi mashuka ya waliozaliwa na ya waliokufa, na juu ya rafu, palipo na sabuni, aliweka redio. Kombe la Dunia likifika, manesi walikuwa wanajipitisha hapo kumchokoza.

"Mama Kidoti, Wajerumani wataingia fainali?"

"Wale wanacheza kama mtu anayefunga duka. Taa, dirisha, mlango, kufuli. Ukishtuka uko nje."

"Na Brazil?"

"Watoto waliotoroka shule. Raha kuwatazama, mpaka mwalimu atokee."

Wafungaji hawakumbabaisha. Aliwapenda mabeki. Alisema mfungaji anabebwa mabegani, beki anajulikana siku akikosea tu, na dunia nzima inajifanya ndiyo mara ya kwanza kumwona.

Tarehe 16 Desemba 1978 aliolewa na fundi wa friji, mtu mpole. Mpole sana. Upole mwingine ni uvivu wa kusema, lakini naye katangulia, tangu mwaka 2009, tumwache. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Televisheni ya kwanza mtaani kwao ilikuwa ya nyumba hiyo.

Sasa ile siku. Ilikuwa mwaka 1995, mechi ya kufuzu, timu yetu inaongoza moja bila na mpira unakaribia kwisha. Sebule imejaa wanaume mpaka dirishani. Kidoti yuko jikoni anawachemshia chai wote hao. Akaingia na sinia, akasimama mlangoni atupe jicho kidogo. Akasimama tu. Wageni wakasawazisha. Watu hawajashusha pumzi, la pili hilo.

"Nani kaingia?" Mwenyekiti akauliza.

Wanaume wakageukia mlangoni.

"Nauliza, nani kaingia hapa sasa hivi?"

"Mimi, shemeji. Nimeleta chai."

"Umeleta mkosi! Chai ingekuja yenyewe!"

Wakacheka wote. Mume wake akawa anakoroga chai ambayo hajaitia hata sukari.

Tangu hapo timu ya taifa ikicheza ilikuwa ni "Shemeji, jikoni." Redio aliruhusiwa. Mwenyekiti alitoa hukumu kwamba sikio halidhuru, kinachodhuru ni jicho, na hakuna aliyemuuliza kasomea wapi. Timu ikishinda, ni kwa sababu Kidoti alikaa jikoni. Ikifungwa, Kidoti kachungulia. Walikuja watu wasiomjua hata kwa salamu wakasimama mlangoni, wakauliza kwanza, "Yule mama yuko wapi?"

Lakini la kuuma si hilo. La kuuma ni kwamba aliamini. Mume kafariki, wanaume wamepata televisheni zao, hakuna tena wa kumfukuza, akawa anajifukuza mwenyewe. Timu ya taifa ikiingia uwanjani anazima, anatoka nje na redio. Dada yake alimkuta hivyo siku moja, ameketi kwenye ndoo, mvua inanyesha.

"Ingia ndani utazame! Nani anakuona?"

"Dada, mechi ya leo ni kubwa."

"Una wazimu wewe."

"Wakifungwa nitawaambia nini watu?"

Ndiyo ikawa hivyo. Wachezaji wa nchi za mbali aliwajua kwa sura na kwa mwendo. Wa kwao aliwajua kwa masikio. Aliwapa majina mwenyewe akisikiliza mtangazaji. Beki wa kushoto alimwita Kuni Mbichi, kwa sababu kipindi cha kwanza anatoa moshi, cha pili ndipo anawaka. Golikipa alimwita Bwana Harusi, kwa kuwa kila akisifiwa husifiwa glavu mpya, na kuanguka chini hataki. Aliwapenda kama wanawe. Hakuwahi kuwaona wakikimbia.

Mwaka 2021 miguu ilianza kumvimba. Madaktari wakasema ni moyo, umechoka na umepanuka. Alilazwa mara nne katika hospitali ileile aliyoifulia, na mara zote alilalamika kwamba mashuka siku hizi hayanyooshwi. Agosti 2023 walimruhusu arudi nyumbani, na jinsi daktari alivyosema "mkae naye karibu," wote tulielewa. Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa sita mchana, chumbani kwake, binti yake akimpaka mafuta miguuni. Alikuwa na miaka sitini na sita. Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na shemeji, huyo mliyekwisha kumsikia.

Imebaki siku moja ya kusimulia. Jumapili tarehe 22 Oktoba timu ya taifa ilicheza nusu fainali ya kombe la ukanda, nusu fainali ambayo hatukuwa tumeiota. Wanaume walikuja kumwona mgonjwa mapema kuliko kawaida yao, ili mpira wautazame hapohapo, pole wakiitoa huku macho yako sebuleni. Mwenyekiti akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Televisheni iko wapi?"

Binti wa marehemu ni fundi umeme. Alikuwa bado na koleo mkononi.

"Kwa mama."

"Kwa mama yako? Leo tunacheza!"

"Ndiyo maana nimeihamisha, baba mkubwa. Anayetaka mpira apige hodi kwa mama. Asiyetaka, redio iko jikoni."

Aliyepinga zaidi alikuwa Kidoti mwenyewe. "Itoeni! Mtatufungisha! Mwanangu, nakuomba, itoe!" Binti akajifanya hasikii. Wanaume wakapiga hodi mmoja mmoja, viatu mkononi, wakajipanga ukutani. Timu zikaingia uwanjani, na Kidoti akaacha kupinga. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Yule namba tatu ndiye Kuni Mbichi?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mfupi hivyo? Jamani. Kumbe katoto!"

Akalia. Akawa analia na kucheka, anauliza huyu nani, yule nani, na Bwana Harusi alivyoonekana kavaa soksi nyeupe akasema, "Mnaona? Nilisema mimi!"

Kipindi cha pili ukaja mpira mwepesi, wa kudakwa na mtu aliyesinzia. Bwana Harusi akauinamia nusu, akaupisha. Tumefungwa.

Wote wakamtazama Mwenyekiti. Kidoti akavuta shuka akajifunika uso. "Nimefumba," akasema mle ndani ya shuka. "Nimefumba, sioni kitu. Endeleeni."

Dada yake alikuwa na kikombe cha chai ya moto, na alikuwa anajua kabisa itamwagikia wapi.

Mwenyekiti akainuka. Ana miaka themanini, magoti yanalia. Akaenda mpaka kitandani, akashika shuka, akamfunua uso, akalikunjia kifuani pake taratibu.

"Fumbua, shemeji. Hilo ni la golikipa."

"Kweli?"

"La golikipa tupu. Hata yale ya siku ile ya chai yalikuwa ya golikipa. Alitoka langoni hovyo, mara zote mbili. Nilimwona."

Kidoti akamwangalia. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Miaka yote hii, shemeji?"

Mwenyekiti alibaki amesimama hapo, machozi yanamtoka mbele ya wanaume wote waliowahi kucheka. Kidoti alimwacha asimame kitambo. Halafu akanyoosha shingo, akamsogeza kwa mkono.

"Basi kaa chini. Unaniziba."

Akakaa sakafuni. Tukafungwa na la pili, na Kidoti akalitazama likiingia, macho wazi, mpaka refa alipomaliza. Wachezaji walipolala majanini wakilia, aliwaita kwa majina aliyowapa yeye, mmoja baada ya mwingine, akiwapa pole.

Marehemu alimsamehe shemeji yake siku ileile. Dada yake bado.

Apumzike Kidoti wetu, na mtu asimsumbue tena.