Tarumbeta la Sadoki na Kidrili cha Injinia

Benchi letu liko Sekei, hapa Arusha, mbele ya kibanda cha Philemoni fundi redio, tunayemwita Injinia ingawa chuo chenyewe alikiona kwa nje. Mimi ni fundi cherehani wa baraza hilohilo, kwa hiyo nasikia yote, nitake nisitake. Katikati hukaa mzee Ephraimu, tunayemwita Katibu kwa sababu alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka chama kikafa. Pembeni yake hukaa Brayson muuza mitumba, tunayemwita Ulaya, ingawa mwisho wa safari zake ni Namanga. Kahawa ni ya Lydia. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka tisini na tatu, bidhaa zimejaa mjini mpaka nyingine watu hawajui ni za kazi gani. Injinia naye alikuwa na ya kwake: kidrili cha umeme, kidogo kama tochi, alichokitoa kwenye boksi la mitumba kutoka Ulaya. Kinazunguka kwa kasi ya ajabu. Kasoro yake, kilikuja kitupu, bila hata ncha moja ya kutobolea wala kusagia. Wiki nzima Injinia alikuwa akikichongea ncha zake mwenyewe na kutafuta cha kuzijaribia.

Ndipo akatokea Sadoki, mkulima wa kahawa kutoka juu mlimani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga.

— Shikamoo mzee. Habari zenu jamani.

— Marahaba, Katibu akajibu. Huyo mtoto anaumwa nini?

— Si mtoto, mzee. Ni tarumbeta la usharika. Limeziba, halipitishi hata pumzi.

Akatueleza. Kwao hawapigi tarumbeta Kwaresima nzima. Yanatundikwa ukutani Jumatano ya Majivu na hayaguswi, mpaka alfajiri ya Pasaka wanapoyabeba kwenda makaburini kuwapigia waliolala. Asubuhi hiyo alikuwa amelishusha la kwake alijaribu, akapuliza mpaka masikio yakamuuma.

— Mama yangu tumemzika Januari, akasema. Aliniambia mwenyewe kitandani, "Pasaka ya kwanza usinipite kimya." Nikamwahidi. Na wapigaji tuko watatu tu, sauti ya kwanza ni mimi.

Lydia akampa kahawa bila kuulizwa. Injinia alikuwa ameshalichukua tarumbeta, anamulika tochi pale panapoingia kidomo cha kupulizia.

— Naona kitu cha kahawia, akasema. Akakichokoa kwa bisibisi. Kigumu kama saruji.

— Hiyo kutu, Katibu akasema. Shaba ikinyamazishwa siku arobaini inaota kutu ya ndani. Ushirika tulikuwa na mzani uliokufa hivyohivyo.

— Kutu gani, mzee? Ulaya akadakia. Hicho ni kizibo cha kiwandani. Wazungu wanakiweka makusudi, miaka ikifika chombo kinajifunga chenyewe, ukanunue kingine. Ndiyo biashara huria hiyo!

— Hili lililetwa na wamisionari kabla ya vita, Sadoki akasema.

— Ona sasa walivyo wajanja! Waliliseti mapema.

— Nyinyi hamjui vyuma, Injinia akasema. Hiyo ni risasi ya kuungia. Kanisani kuna mabati, mabati yamepata moto, risasi imeyeyuka, ikatiririka, ikaganda hapa.

— Risasi ya kahawia? nikamuuliza.

— Wewe shona.

Nikashona. Lakini nilikuwa namtazama Sadoki, na sikupenda nilichokiona. Kahawa ya Lydia alikuwa hajaigusa.

Injinia akatandaza gunia, akapanga ncha zake kama daktari wa meno. Ya kwanza ilikuwa msumari aliokata kichwa, akaupasua katikati kwa msumeno, akachomeka kipande cha msasa kwenye ufa, akakizungushia na kukibandika kwa gundi. Akakiwasha kidrili. Kikalia kama mbu mwenye hasira, msasa ukachomoka, ukatua kwenye kashata za Lydia.

— Toba! Lydia akafoka. Utazila wewe hizo!

— Gundi haijakauka tu, Injinia akasema. Hii ya pili ndiyo yenyewe. Waya wa breki ya baiskeli, nimeuchambua ncha ukawa brashi. Unapinda, kwa hiyo unafuata kona za bomba.

— Hiyo nimeielewa, Katibu akasema. Hiyo ina akili.

Ikawa na akili mpaka alipowasha. Waya ukajipinda, ukakamata mkono wa shati la Ulaya, shati alilolitoa kwenye robota la mitumba asubuhi hiyo, ukalisokota mpaka kwenye kiwiko. Ulaya akapiga yowe watu wa ng'ambo ya barabara wakasimama.

— Zima! Zima wewe, mkono wangu huo!

— Kwa nini umeuweka karibu?

— Nilikuwa nakunywa kahawa!

Tukamfungua. Nitakuwa mkweli, nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Sadoki hakucheka. Akaanza kulifunga tarumbeta kwenye kanga yake.

— Kaa, Injinia akamwambia, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha. Nina ya tatu.

Ya tatu ilikuwa spoki ya baiskeli, ameigonga ncha ikawa bapa, akaichoma kwenye moto na kuizamisha kwenye oili, kisha akainoa. Kwa kweli ilikuwa kazi ya fundi. Aliigusisha kwenye kipande cha bati, ikapita kabla hatujapepesa macho.

— Hii haishindwi na kitu, akasema.

— Inapita bati hivyo, Sadoki akauliza, na bomba la tarumbeta je?

Lile bomba ni jembamba kama ganda la yai, na Arusha nzima sijui mtu wa kuliziba likitoboka.

— Mkono wangu ni mwepesi, Injinia akasema.

— Muombe Mungu kwanza, Katibu akashauri.

— Mimi naona mngetoboa kwa nyuma, Ulaya akasema akipapasa kiwiko, kile kizibo kitoke kinyumenyume, halafu tundu mnabandika kiraka cha tairi.

Sadoki akayatazama yale makorokoro yote kwenye gunia, akalitazama tarumbeta. Asipokubali, kesho yuko kimya mbele ya kaburi. Akikubali na mkono ukateleza, atakuwa kimya Pasaka zote. Akafumba macho.

— Toboa, akasema.

Mguu wangu ulikuwa umesimama kwenye kanyagio la cherehani. Kidrili kikalia. Injinia akainama.

— Hodi hapo. Nani anataka maziwa?

Alikuwa mama wa Kiarusha, kibuyu mgongoni, hatujawahi kumwona pale. Injinia akazima, kwa hasira.

— Takwenya, yeyo, Lydia akamsalimu kwa Kimaasai.

— Iko, akaitikia. Naitwa Nalepo. Mnachinja nini hapo?

Hakungoja jibu. Aliona unga wa kahawia uliodondoka chini pale bisibisi ilipochokoa. Akauchukua kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa.

— Hii nyigu amejenga, akasema. Huu ni udongo. Mimi nimesiriba nyumba tatu, naujua. Mmeumwagia maji?

Injinia akamtazama Katibu. Katibu akamtazama Ulaya. Ulaya akanitazama mimi, na mimi nikatazama sindano.

Lydia ndiye aliyesogeza ndoo ya kuoshea vikombe. Sadoki akalizamisha tarumbeta lote, akalishikilia chini kwa mikono miwili. Viputo vikatoka kimojakimoja, kisha vingi. Maji yakageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Alipoliinua na kulitikisa, likatoka donge la matope mazito, na ndani yake buibui wadogo waliokauka, akiba ya nyigu. Akalizamisha tena, akalitikisa tena, mpaka yakatoka maji meupe.

Akaweka kidomo, akapuliza.

Sauti ile ilitoka nzima. Nilihisi kifua changu kinafunguka kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimeziba. Ulaya alipiga makofi, akasahau shati. Katibu akawa anasema tu, "Ahsante Mungu, ahsante Mungu," na Injinia, namsifu kwa hili, alicheka kwa sauti kuliko sisi sote, akachomoa waya wa kidrili ukutani na kuwaza kwa sauti kwamba lau angetoboa angehama mji. Sadoki aliketi chini kwenye vumbi, akalia bila kujificha, mkono mmoja umeshika tarumbeta, mwingine umeshika goti la mama asiyemjua.

Nalepo akamwacha alie. Alipotulia, Lydia akamweleza Nalepo habari ya mama wa Sadoki na ile ahadi, na Nalepo akatugeukia sisi wa benchi.

— Huyo mama wa kupigiwa kesho, akauliza, anaitwa nani?

Tangu asubuhi tulikuwa na tarumbeta lake, kutu yake, kizibo chake na risasi yake. Hakuna aliyejua jina la mama.

— Tabitha, Sadoki akasema kutoka pale chini. Anaitwa Tabitha.

— Tabitha, tukarudia, mmoja baada ya mwingine, na Katibu akavua kofia.