Bi Maurine Tackett na Wimbo Alioushikilia

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Bi Maurine Tackett atarudisha funguo za ofisi yake hapa Cedar Fork, kampuni yetu ya kurekodi muziki, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwa mkurugenzi. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji na mtunzi, na wengi wetu tulimfahamu redioni kabla ya kupishana naye kwenye korido. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Garland Epps, fundi wa sauti, niandike maneno machache, kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliompokea. Wamenisihi pia nisimwage machozi kwenye karatasi. Sikuwaahidi kitu.

Alizaliwa kwenye kambi ya wachimba makaa ya mawe mashariki mwa Kentucky, akafika Nashville na gita la mama yake na nguo za kubadilisha. Aliimba kwenye baa za mtaa wa Broadway mjini humo, ambako mwimbaji hula kwa bakshishi wanazomtupia watu kwenye ndoo, akatoa albamu mbili zilizopendwa na watu wachache, lakini waliozipenda walizipenda kweli. Alipoingia Cedar Fork kazi yake ilikuwa kusikiliza nyimbo za watunzi wasiojulikana. Alizisikilizia ndani ya pikapu yake, injini ikinguruma, akisema wasikilizaji wetu wako barabarani, hawako kwenye makochi ya maofisini. Mikataba yetu mingi iliamuliwa pale maegeshoni, wakuu wawili wakiwa wamebanana naye kiti cha mbele pamoja na mbwa wake. Yule mbwa alikuwa na sikio zuri kuliko baadhi ya wakuu ninaowakumbuka.

Lakini nikiambiwa niandike jambo moja tu, nitaandika habari za "Sahani ya Tano". Wimbo huo aliutunga mwenyewe, kumhusu mama yake, aliyeendelea kumwandalia mumewe sahani ya tano mezani, ya maharage na mkate wa mahindi, miaka mingi baada ya mgodi kumfukia. Aliamini sauti inayoufaa si yake bali ya Clell Ramey, mwimbaji wetu, ambaye wakati huo pombe ilikuwa imemmaliza. Asubuhi ya kupelekwa kwenye nyumba ya matibabu, Clell alimshika mkono akamwambia, "Nishikie ule wimbo, Bi Maurine." Naye akamjibu, "Nimeushika, mwanangu. Nenda kapone."

Katika kazi yetu wimbo hushikwa kwa neno la mdomo. Mwimbaji akishashikiwa wimbo, hapewi mwimbaji mwingine mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo au hapana. Kwa kawaida huwa ni majuma machache. Clell alikaa miezi, akatoka, akaangukia tena pombe, akarudishwa. Katikati ya hayo mwimbaji mmoja mkubwa kuliko kampuni yetu nzima akausikia wimbo, akatuma ujumbe kwamba akipewa atahamia kwetu. Wakati huo tulikuwa tumeshazima taa za ghorofa ya juu ili kubana matumizi. Kumpata kulikuwa kupona, na kumkosa huenda kungekuwa kufunga milango.

Loomis Frazee, meneja wetu wa mauzo, alipiga meza. "Unamshikia wimbo mtu asiyeweza kushika hata kikombe!"

"Aliniomba nishike, nikasema nimeshika," alisema Bi Maurine, bila kupandisha sauti. "Hakuniuliza kama nitachoka."

"Basi tutachoka sote, bosi, tukizunguka kutafuta kazi."

"Mishahara niachie mimi, Loomis. Wewe kauze ulichonacho."

Watu walilia siku ile, na si Clell waliyekuwa wakimlilia. Bi Maurine alichukua gita akarudi barabarani. Kila mwisho wa juma, kwa majira mawili ya kiangazi, aliimba kwenye maonyesho ya kilimo, baada ya mashindano ya nguruwe na kabla ya matrekta, vumbi likimwingia kooni. Mishahara yetu, iliyotoka kwenye malipo hayo, haikukosekana hata mara moja. Sauti yake ndiyo iliyopotea. Hakurekodi tena, na mimi niliyeipenda sauti ile sijapata ya kuziba nafasi yake.

Clell alitoka mzima, akaurekodi wimbo alasiri moja, nikiwa kwenye mitambo. Mikono ilimtetemeka, ikabidi gita apigiwe na mwingine. Wimbo ulipanda mpaka katikati ya chati, ukapumzika hapo, ukashuka. Yule mwimbaji mkubwa alirekodi wimbo mwingine, ukashika namba moja, na Loomis aliupiga ofisini kwake juma zima, mlango wazi.

Clell hakuonja pombe tena hadi alipofariki mwaka jana. Kanisani, siku ya maziko, binti yake alitueleza maneno aliyozoea kuyasikia nyumbani: "Baba alikuwa akisema, kule kwenye matibabu kila mtu alijua anachokikimbia. Yeye alijua na kinachomngoja." Loomis alikuwa kiti cha nyuma yangu. Nilimsikia akipenga kamasi.

Juma lililopita Bi Maurine aliniita, akaniambia kuna wimbo amemshikia Tamsey Combs, mwimbaji ambaye hajaimba tangu amzike mumewe. Nikaanza kutafuta kalamu mifukoni.

"Kalamu ya nini, Garland? Si umesikia?"

Jumanne meneja wa mwimbaji mmoja anayejaza viwanja alipiga simu studio kuuomba wimbo huo. Nilimwambia umeshikwa. Akauliza umeshikwa na nani. Nikamwambia, na sisi sote hapa.

Ahsante, Bi Maurine. Uwe na afya, ulale mpaka jua likuchome, na usihangaike kupiga simu kutuuliza. Tumeushika.