Bi Wilma Bain na Mkono wa Kulia wa Koti la Corrievane

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1998, Bi Wilma Bain anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika karakana ya Urquhart, hapa Dingwall. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa na mkasi wa kuazima. Anatoka akiwa na sitini na mkasi uleule, maana mwenye nao alifariki kabla hajaudai.

Kazi ya kuandika kijitabu hiki cha sherehe nimepewa mimi kwa sababu ya usomi wangu. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, lakini wenzangu hawasomi hata maelekezo ya pasi ya mvuke, kwa hiyo humu ndani mimi ndiye profesa. Tena kwa cherehani hakuna wa kunigusa kutoka hapa mpaka Perth. Bi Wilma mwenyewe alikiri hivyo, kisha akaongeza, "Ndiyo, unashona upesi. Hata anayetoroka polisi anakwenda upesi."

Alipoanza, wanawake waliopanda milima kuwinda walivaa makoti ya kaka zao. Mabega yanaelea, kifua kinabana, na ukiinua bunduki koti zima linapanda shingoni. Bi Wilma ndiye aliyelikalia koti la kike la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, mpaka likakubali. Aliweka mikunjo miwili mipana nyuma ya mabega, inayofunguka mikono ikienda mbele na kujifunga ikirudi. Alihamisha mshono wa kifuani ili kitako cha bunduki kisikae juu yake. Vifungo alivificha chini ya ukingo wa kitambaa visikwaruze bunduki wakati mtu anatambaa.

Na kutambaa, kwake, kulikuwa sehemu ya kupima. Mteja yeyote, awe nani, alipewa ufagio aunyanyue kama bunduki, halafu akaambiwa alale kifudifudi sakafuni asogee kwa viwiko mpaka mlangoni. Siku moja mchungaji wa kanisa aliingia kuchukua suruali yake akamkuta mke wa daktari anamjia kwa tumbo, ufagio mkononi, macho yamemtoka. Mchungaji alitoka kinyumenyume. Suruali ile tulimpelekea nyumbani. Bi Wilma hakucheka. Alisema tu, "Kiwiko cha kushoto kinavuta. Rudia, mama, na safari hii uwe na njaa."

Kwa hesabu za daftari lake ameshona makoti ya kike mia tisa na kumi na mawili. Hilo la mwisho ndilo lililotufikisha hapa, na kwa kuwa mji wote unalisimulia vibaya, acha mimi nilisimulie sawasawa.

Kila shamba kubwa la uwindaji huku kwetu lina twidi yake, rangi zake na drafti yake ya mistari inayopishana, na wanaoivaa ni watu wa shamba hilo tu. Septemba, shamba la Corrievane lilimpandisha cheo Una Matheson kuwa mkuu wa wawindaji wake, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kwao. Alitakiwa aanze tarehe 21 Oktoba, siku msimu wa kulungu majike unapofunguliwa, akiwa ndani ya twidi ya shamba. Kiwanda kilichokuwa kikiifuma kilifungwa majira ya kuchipua. Kilichobaki ni kipande kimoja, yadi tatu na nusu, na kililetwa kwa Bi Wilma kimefungwa kama mtoto mchanga.

Sasa, twidi ya drafti haikatwi ikiwa imekunjwa mara mbili, maana mistari ya chini inakimbia usiione. Unaitandaza tabaka moja, unaweka karatasi ya kipimo cha mkono, unakata mkono wa kushoto. Kisha unapindua karatasi, upande wa juu ulale chini, unakata wa kulia. Jumatatu tarehe 5, saa nne asubuhi, Bi Wilma alikata mkono wa kushoto. Akainua karatasi. Akairudisha vilevile, akakata tena.

Simu haikulia. Hakuna aliyemsemesha. Hata mimi nilikuwa nimenyamaza, jambo ambalo lingestahili kuandikwa gazetini. Tulisikia mkasi ukiwekwa mezani polepole, tukageuka, tukaona mikono miwili ya kushoto imelala pale kama ndugu mapacha. Kitambaa kilichobaki kilitosha kola na vifuniko vya mifuko, basi.

Bwana Finlay Urquhart, tajiri wetu, alikuja akaangalia. Hakugomba. Twidi ile ilifumwa mfumo wa kawaida, haina mishazari ya kutoa siri, na mbele na nyuma yake zinafanana.

"Ugeuze huo mmoja ndani nje, Wilma," akasema. "Utakuwa wa kulia. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe ndiye utakayelivaa?"

Bi Wilma akamweleza, na sisi tukasikia. Kiwandani uso wa kitambaa hukatwa vinyweleo, maji yakigusa yanateleza. Upande wa nyuma haukatwi. Ukigeuzwa nje utakunywa mvua, na baada ya majira mawili ya baridi utafifia. Na mkono wa kulia ndio wa bunduki, unaoshinda kwenye mvua.

Siku tatu hakugusa lile koti. Skoni zake, vile vikate vya chai, alizirudisha nyumbani kama alivyokuja nazo. Dolina, anayetushonea matundu ya vifungo, alijaribu kumtania: "Bi Wilma, si tumtafute mteja mwenye mikono miwili ya kushoto? Mbona mume wangu anayo, kila akishikacho kinavunjika?" Bi Wilma akaendelea kunoa chaki. Alhamisi alimpigia Una simu mwenyewe na kumwambia neno kwa neno alichofanya. Una alijibu kwamba bila koti atapanda mlima siku ya kwanza na anoraki, koti la mvua la plastiki, mbele ya wanaume wanane wanaosubiri akosee. Basi Bi Wilma akaugeuza ule mkono.

Alilishona kwa siku saba, na mimi ninayejua kushona nawaambieni, ni koti zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Drafti inatoka kifuani inapita begani inaingia mkononi bila kuruka hata uzi. Ijumaa tarehe 16 alilivika koti hilo sanamu la kujaribia nguo, akalisogeza kwenye dirisha la kaskazini, akatuita sote watano.

"Haya, mabingwa. Mkono uliogeuzwa ni upi? Msikumbuke. Angalieni."

Maana tulishasikia ni wa kulia, lakini alikuwa ameligubika sanamu lote kwa shuka, mikono ya koti ameikunja na kuipishanisha chini yake, akaacha vipande viwili tu vya kitambaa vikichungulia kando kwa kando, mpaka usijue kipi kimetoka mkono upi. Bwana Urquhart alivaa miwani, akaivua, akasema vyote vizuri. Wawili waliotoka chumba cha pasi walibishana hadi wakabadilishana majibu. Dolina alipatia.

"Umejuaje?" Bi Wilma akamshika mkono.

"Nimebahatisha, Bi Wilma. Samahani."

Mimi nilikwenda mwisho, mikono nyuma kama daktari mkuu. Nikapapasa, nikanusa, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hata kipofu angeona ni hiki. Nilishika kisicho chenyewe.

Kesho yake Una alikuja. Alinyanyua ufagio, akatambaa mpaka mlangoni na kurudi, koti halikusogea. Bi Wilma akampeleka dirishani amwonyeshe kosa. Una aliangalia kwa muda mrefu, akamkumbatia. "Sioni kitu, mama. Na kulungu nao hawataona." Alisema kwa wema kabisa. Ilikuwa afadhali angelitupa koti sakafuni.

Alipoondoka, Bi Wilma alikunja futi yake. "Miaka arobaini na mmoja," akasema, si kwa mtu yeyote, "nimekuwa nikishona kitu ambacho hamkioni." Jumatatu barua yake ya kustaafu ilikuwa mezani kwa Bwana Urquhart. Alikuwa ametuahidi miaka mitano zaidi.

Tumembembeleza. Tumemwambia kosa moja kati ya makoti mia tisa si kosa. Anatutazama kana kwamba tunasema lugha ya nchi nyingine. Haondoki kwa sababu ya mkasi, nadhani. Kukosea angejisamehe. Ila sisi watano tulisimama mbele ya dirisha, na hakumwona hata mmoja wa kumwachia meza.

Na ni kweli hayupo. Tangazo la kutafuta fundi wa makoti ya kike limekaa dirishani miaka miwili, na aliyewahi kuingia kwa ajili yake ni mmoja, naye aliuliza choo kiko wapi. Kuanzia Novemba, Bwana Urquhart ametangaza, karakana haitapokea tena kazi ya makoti ya wanawake. Watarudi kwenye makoti ya kaka zao.

Jana Bi Wilma alitugawia vipande vilivyobaki vya twidi ya Corrievane, kila mtu kimoja, cha ukubwa wa kiganja. Kwa kawaida huweka alama ya chaki upande wa nyuma. Hivi hakuweka. Nimekaa na changu dirishani tangu asubuhi, nikitafuta uso wake ni upi. Nimekilowesha, nimekikausha, nimekipitisha shavuni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina la kujisifia.

Bi Wilma, kwa niaba ya wote wa Urquhart, asante kwa kila bega lililokaa sawa na kwa kila tusi tulilostahili. Tunakuombea afya, moto mzuri nyumbani na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Ukipata nafasi pita utuone. Utatukuta hapo dirishani, tunageuza.

Ewen Tulloch
Cherehani ya pili